Farasi wa Mwavita

Watoto wangu, wengi wenu mnanijua kama mama mwenye kuanika mpunga kando ya barabara ya soko, yule anayefukuza mbuzi kwa mluzi. Mnapita na moto zenu, hizo pikipiki, mnanisalimu, mnaenda. Wachache mmesikia wazazi wenu wakitaja neno "farasi" pamoja na jina langu, mkafikiri ni mzaha wa wazee. Si mzaha. Kabla ya mpunga, kazi yangu ilikuwa kusimama wima juu ya mgongo wa farasi anayekimbia. Niliifanya miaka kumi na tisa katika sarakasi, sisi tulisema sirki, kule Lubumbashi na katika miji ya reli, mpaka goti langu la kushoto liliposema basi. Nilivunjika mara tatu. Na bado ninauliza: nani hapa Kasongo alipata kazi nzuri kama yangu? Ajitokeze.

Msichana mmoja wa lise, shule ya sekondari, aliniuliza wiki iliyopita, "Bibi, ulikuwa unasimamaje bila kushika kitu?" Nikamjibu maneno mawili, akaondoka hajaridhika, na alikuwa na haki. Jibu lake ni refu.

Macho kwanza. Mtu asiyewahi kupanda anafikiri kila kitu kiko miguuni, basi anaitazama miguu, na mara anaifuata chini. Sisi tulitazama mbele, juu ya masikio ya farasi, pale tutakapokuwa baada ya hatua mbili. Magoti yawe laini kama ya mwanamke anayetwanga. Hakuna anayetwanga na magoti makavu. Mahali pa kusimama si katikati ya mgongo, pale pana bonde na mifupa. Ni nyuma, juu ya makalio, palipo pana kama meza. Farasi anakimbia akizunguka duara, na wewe unalalia kidogo upande wa ndani, kama mtu wa velo, wa baiskeli, anayekata kona. Halafu unasikiliza. Mbio ile ina mapigo matatu, pa-ta-pa, pa-ta-pa, na baada ya kila pa-ta-pa kuna nafasi ndogo ambapo mgongo wote umetulia hewani. Hapo ndipo unapoinuka. Ukichelewa kidogo tu, mgongo unapanda na kukurusha kama unavyorusha makapi ya mpunga kwenye ungo.

Hayo yote alinifundisha Mzee Kalonda, na bila yeye ningekuwa nimebaki muuza mikate.

Kalonda alikuwa Mluba, mfupi, mwenye miguu ya matege, sauti yake kubwa kuliko mwili wake. Ujana wake wote alikuwa amepiga brashi farasi wa klabu moja ya wazungu Lubumbashi. Wenye farasi walipoondoka, walibaki wanyama watatu wazee ambao hakuna aliyewataka. Yeye akawaomba, akapewa. Akakusanya wapwa wake waliojua salto, kupindua mwili hewani, akatafuta bashi, turubai kubwa la lori lenye viraka, na hiyo ndiyo ikawa sirki.

Mimi nilikuwa nimetumwa Lubumbashi kumsaidia shangazi aliyejifungua. Shangazi alipika mikate ya mafuta, mimi nikaitembeza asubuhi, na njia yangu ilipita penye uwanja wa Kalonda. Kulikuwa na farasi jike mmoja, wa rangi ya majivu, mnene, mvivu, ambaye wazungu walimwita Duchesse. Sisi tulimwita Dushesi. Alipenda mikate yangu kuliko wateja walivyoipenda. Siku moja Kalonda alinikuta nimeegemeza kichwa changu kwenye shingo yake.

"Weye mutoto, hauogope?"

"Siogopi, mzee."

"Basi haufae. Mwenye haogope anavunja shingo. Jifunze kuogopa kwanza, njo urudi."

Kesho yake nilirudi. "Mzee, leo ninaogopa."

"Sana?"

"Sana."

"Vizuri. Kamata fagio."

Miezi mitatu nilifagia mavi. Nilidhani ananichezea, mpaka siku aliponiita nichuchumae karibu na lundo. "Angalia," alisema. "Hii njo barua ya farasi. Ikiwa ya mviringo na inang'aa, iko muzima. Ikiwa ya maji, amekula vibaya. Ikikosa kabisa, kimbia uniite, hata kama niko ndani ya misa." Nyinyi mnacheka. Mimi pia nilicheka. Mtaona.

Baada ya fagio, akanifundisha kuanguka. Kabla hata ya kukaa juu! Alinipandisha kwenye pipa na kunisukuma. "Anguka ndani ya duara, upande wangu. Inje iko miti na watu. Na mikono uikunje. Mkono unaotangulia njo unaovunjika." Siku hizi naona vijana wanaanza na mambo makubwa ili wapigwe picha, kuanguka watajifunza hospitalini. Kalonda alinifunga mkanda kiunoni wenye kamba iliyopita juu ya mlingoti, na mwisho wa kamba aliushika mwenyewe. Nilikaa. Nikapiga magoti. Nikasimama. Siku alipoiachia ile kamba hakuniambia. Nilizunguka mara sita nikijiona salama kabisa, halafu nikamwona katikati ya duara anakula mkate kwa mikono miwili.

Sasa niwape kosa langu la kwanza mbele ya watu, kwa sababu wazee wanapenda kusimulia ushindi tu. Ilikuwa Likasi. Tulikuwa tunapaka utomvu mkavu uliosagwa chini ya nyayo na juu ya mgongo wa farasi, ili mguu ushike. Lakini mimi nilikuwa msichana, nguo ilikuwa mpya, nilitaka miguu yangu ing'ae. Nikapaka mafuta. Mpaka kwenye vidole. Utomvu ukakataa kushika, nami sikumwambia mtu. Mzunguko wa pili niliinuka, nikateleza kama samaki, nikaruka nje ya duara, na nikatua kwa matako ndani ya ngoma kubwa tuliyoazimwa na fanfari, bendi ya tarumbeta ya mji ule. Ikapasuka. Nilikwama kama kuku ndani ya kikapu, miguu juu. Watu walicheka mpaka wengine wakalia.

Kalonda akaja, akanivuta. "Leo umetuonyesha salto mupya," alisema. "Panda."

"Mzee, watu wanacheka!"

"Njo sababu. Mutu anarudi kwake na picha ya mwisho. Unataka iwe hii?"

Nilisugua miguu kwa mchanga na majivu mpaka ikawasha, nikapanda, nikasimama mizunguko minne. Kicheko kikageuka kuwa makofi. Tangu siku ile, popote nilipoanguka, sikuwahi kuondoka uwanjani kabla ya kupanda tena, isipokuwa zile mara tatu walizonibeba.

Tatizo langu kubwa halikuwa kuanguka. Tatizo lilikuwa hapa, Kasongo.

Baba yangu, Mzee Salumu, alikuwa fundi cherehani, mashine yake ikikaa barazani karibu na soko. Kila baada ya muda nilimwandikia barua, na kaka yangu mkubwa, Yaya Ramazani, alimsomea. Niliandika kweli tupu: ninafanya kazi na farasi, ninasimama juu yake, watu wanapiga makofi. Lakini nani Kasongo alikuwa amemwona farasi? Mbung'o wetu hawaruhusu. Mtu mzima alimjua farasi kwa picha ya kitabu cha shule. Na mtoto wa kike wa familia ya Kiislamu asimame juu yake, na mnyama anakimbia? Watu walicheka. Nikatuma picha. Wakasema ni farasi wa mbao wa studio, Lubumbashi wanao.

Halafu Ramazani akaniandikia barua niliyoisoma nikiwa nimekaa chini. "Mdogo wangu, usikasirike. Hapa sokoni sasa, mtu akitoa uongo mkubwa, wanamwambia: huyo ni farasi wa Mwavita. Watoto wanasema, wazee wanasema. Baba alikuwa anawabishia. Siku hizi habishi tena. Ameniomba nisimsomee tena barua zenye habari ya farasi. Wengine wanasema unaficha kazi nyingine ya Lubumbashi."

Mnaelewa kazi gani walimaanisha.

Nilikwenda kwa Kalonda na ile barua. Nilimwambia nataka kumpeleka Dushesi Kasongo.

"Apana," alisema hata kabla sijamaliza. "Maniema yenu iko na mbung'o. Farasi inaenda kule inakufa."

"Kuna sindano ya kinga. Daktari wa mifugo alisema."

"Sindano ya kinga haina kiapo."

"Mzee, baba yangu ameacha kunitetea."

Akaichukua ile barua, ingawa hakujua kusoma, akaigeuza pande zote mbili. "Wanasema farasi yangu ni ya uongo?"

"Wanasema."

"Dushesi? Ya uongo?" Alisimama, akaanza kutembea na ile miguu ya matege. "Kiangazi. Siku makumi mbili na moja, hata moja zaidi apana. Na anavaa shuka mwili mzima."

Basi tulimshonea Dushesi shuka la magunia lililomfunika kutoka masikio hadi mkia. Tulipanda treni, yeye ndani ya behewa la mizigo, mimi na Kalonda pembeni yake juu ya majani. Treni ya wakati ule ilifika ilipotaka. Tulishuka stesheni ya Samba, tukatembea kuelekea mto Lualaba, na kila kijiji tulichopita watu walikimbilia ndani kwanza, halafu wakatoka wote pamoja. Jioni Kalonda aliwasha moto wa majani mabichi kumzunguka mnyama, moshi ukafukuza nzi, na sisi tukalala tukikohoa.

Kwenye Lualaba, chombo cha kuvusha magari kilikuwa kimeharibika. Wapiga kafi walifunga mitumbwi miwili mikubwa, wakapigilia mbao juu. Mkubwa wao alimtazama Dushesi kwa muda mrefu.

"Mama, mbuzi yako hii iko na kilo ngapi?"

"Kama gunia nane za mchele."

"Na gunia zinasimama tuli. Yeye je?"

Dushesi alikataa kupanda. Alinusa mbao, akarudi nyuma, akamkanyaga Kalonda kidole. Nikafungua kitenge changu cha juu, nikamfunga macho, nikaweka shavu langu kwenye shavu lake, nikaanza kumhesabia polepole sikioni, pa-ta-pa, pa-ta-pa, mwendo wake wa kazi. Masikio yakageuka kwangu. Akapanda. Katikati ya mto mtumbwi mmoja ulizama kidogo kuliko mwenzake, nikahisi misuli yake yote ikikazika kama kamba. Wapiga kafi waliacha kuimba. Kalonda alikuwa anaomba kwa Kiluba, mimi nilikuwa nasoma Ayatul Kursi na kuhesabu pa-ta-pa kwa zamu. Mwenyezi Mungu alisikia kimoja kati ya hivyo vitatu, maana tulifika ng'ambo na miguu mikavu.

Tuliingia Kasongo siku ya Ijumaa, watu wakitoka msikitini. Nilitaka kuingia nimepanda. Kalonda akanikataza. "Waache waone munyama kwanza. Mutu atakuja nyuma." Kwa hiyo niliingia kwa miguu, nimeshika kamba, kama mtu anayepeleka ng'ombe majini. Soko likanyamaza. Nimeishi miaka mingi tangu pale na sijasikia tena soko letu likinyamaza, hata siku ya msiba.

Yaya Ramazani alitukimbilia mbele mpaka barazani. "Baba! Toka uone!"

"Nione nini? Nina kanzu ya watu hapa."

"Toka tu, baba."

Baba akatoka na utepe wa kupimia shingoni. Akamwona. Hakunitazama mimi. Alimzunguka Dushesi taratibu, akampitishia kiganja mgongoni, kama anavyopima kitambaa kama ni pamba kweli. Dushesi akamnusa mfukoni.

"Mwavita."

"Naam, baba."

"Ni huyu?"

"Njo huyu, baba."

"Miaka yote hii uliandika kweli."

"Niliandika kweli."

Akageuka kwa jirani yake, muuza mchele aliyeupenda ule msemo kuliko wote. "Jirani," akamwambia kwa upole, "hebu rudia ule msemo wenu, mgeni ausikie."

Jirani akatazama viatu vyake. "Mzee Salumu, nimeusahau."

Ndipo baba aliponikumbatia. Alinibana mpaka sindano aliyokuwa ameichomeka kwenye shati ikanichoma begani. Sikupiga kelele.

Halafu akauliza swali ambalo nilikuwa ninaliogopa kuliko mto. "Na kazi hiyo unaifanya umevaa nini?" Nikamtolea nguo yangu ya sirki, fupi, yenye kung'aa. Akaiinua kwa vidole viwili. "Hii ni leso. Nani alikukatia? Kitambaa kilimwishia?" Kalonda alijikohoza, akaenda kumwangalia farasi. Baba akaitoa ile kanzu ya watu kwenye mashine, akaiweka kando, akatoa satini ya kijani aliyoihifadhi kwa harusi ya mtu.

"Piga magoti," akaniambia, utepe mkononi. "Inuka. Chuchumaa. Kazi yako inavuta wapi?"

"Kwenye paja, baba. Na hapa nyuma."

"Basi hapo nitapiga mshono mara tatu. Mshono wangu haujapasuka mbele ya watu, na hautaanza kwa mtoto wangu."

Alinishonea suruali pana iliyobana kwenye vifundo, koti la mikono mirefu, na kitambaa cha kichwa kisichotoka hata kwa upepo. Niwaambie ukweli wa fundi kwa fundi: ilikuwa nguo bora kuliko zote nilizowahi kupanda nazo. Ile fupi ilikuwa inanikata kiunoni miaka yote, nami nilidhani ndivyo inavyotakiwa.

Onyesho lilifanyika kwenye uwanja wa mpira. Kalonda alichora duara kwa majivu. Mji wote ulikuja, mashehe, masista, wauza samaki, wanafunzi darasa kwa darasa. Wapiga ngoma wetu wa Kasongo, kwa furaha, walianza kwa kasi mara mbili ya kawaida, na Dushesi, yule mvivu, akaifuata ngoma. Sijawahi kumwona anakimbia vile. Kalonda akapiga kelele katikati ya duara, "Bado! Kaa! Usisimame!" Nilikaa. Mzunguko wa kwanza, wa pili, wa tatu. Nikasikia mtu anasema, "Kumbe anakaa tu, hata mimi ningekaa." Mzunguko wa tano ngoma zilichoka kidogo, Dushesi akarudi kwenye mapigo yake, pa-ta-pa, na ile nafasi ndogo ikafunguka chini yangu.

Nikainuka.

Sauti iliyotoka uwanjani sikuisikia kwa masikio, niliisikia kifuani. Vigelegele, takbira, kengele za velo. Nilinyoosha mikono. Nilipopita mbele ya baba nilitaka kumwona analia au anacheka. Hakuwa anatazama uso wangu hata kidogo. Alikuwa ameinama, amekaza macho kwenye paja langu, kuona kama mshono unashika. Ulishika. Mzunguko uliofuata ndipo aliponyoosha mgongo na kupiga makofi, mikono juu ya kichwa, kama kijana.

Ule msemo haukufa. Uligeuka. Waulizeni wazazi wenu: mtu wa Kasongo akiwa na jambo la kweli ambalo wenzake wanalidharau, anawajibu, "Ngojeni, hii ni farasi wa Mwavita."

Ningetaka kuishia hapo, nimesimama, mikono juu. Lakini sifa ni pombe, hata kwa asiyekunywa, na kosa langu kubwa lilikuja baada ya makofi makubwa.

Watu wa Kabambare walituma wajumbe, wakasema nao wanataka kumwona. Tulikuwa na siku zetu bado. Tukatembea siku tano kwenye njia mbaya ile mnayoijua, na kila kijiji kilimletea Dushesi zawadi. Kalonda alikuwa amesema: majani tu, na pumba kidogo. Lakini mimi nilikuwa Mwavita wa kijani, Mwavita wa vigelegele. Ningemkatalia nani? Mama akileta beseni la maganda mabichi ya muhogo, mimi nilisema, "Mpe, mama, mpe." Kabambare kwenyewe, asubuhi ya onyesho, nilimwachia ndoo nzima ya mpunga mkavu na maji juu yake, kwa furaha.

Kabla ya saa nne alikuwa amelala chini, anageuka kutazama tumbo lake, anapiga ardhi kwa kwato. Jasho linamtoka. Watu walikuwa wameshafika, wengine kutoka Salamabila machimboni, siku mbili kwa miguu. Nikasikia neno likipita kati yao: mbung'o, mbung'o, farasi anakufa.

Kalonda akapiga magoti, akaweka sikio kwenye tumbo. Alisikiliza kwa muda mrefu. "Si mbung'o," alisema. "Tumbo imenyamaza. Imefungana. Nani alimupa chakula?"

Kulikuwa na watu mia ambao ningeweza kuwanyooshea kidole.

"Mimi, mzee."

"Nini?"

Nikamwambia yote, maganda, mpunga, maji. Hakunitukana. Alisema tu, "Tumuinue. Akilala na kugaagaa, matumbo inajisokota, njo basi. Lazima atembee mpaka atoe. Akitoa, amepona. Asipotoa..." Hakumaliza.

Tulimwinua kwa mabega. Nikasimama mbele ya ule umati na suruali yangu ya satini, nikasema hakuna onyesho, farasi ni mgonjwa, na aliyemfanya augue ni mimi. Kelele zikaanza. Mwanamke mmoja mzee, mrefu, fimbo mkononi, akatoka mbele. Aliitwa Bibi Feza, mkulima wa kabila la Wabangubangu, na wote walimpisha.

"Nilitembea siku mbili na miguu hii," alisema. "Nimekuja kuona farasi inakimbia, na unaniambia haikimbii?"

"Haikimbii, bibi. Inaweza kutembea tu."

"Inaenda wapi?"

"Popote. Ikisimama itakufa."

"Basi tutembee," alisema, na akashika upande wa pili wa kamba.

Tukatembea. Barabara ya utawala, nyuma ya maduka, kanisani, msikitini, kurudi. Mimi na Bibi Feza mbele, Kalonda ubavuni akisugua tumbo kwa majani, na umati wote nyuma. Mara mbili Dushesi alitaka kulala, mara mbili wachimbaji wa Salamabila wakamwekea mabega. Saa sita, saa saba, saa nane. Aliyechoka alikaa, mwingine akachukua nafasi. Hakuna aliyeimba, hakuna aliyecheza. Mji mzima ulikuwa nyuma ya mkia wa farasi, ukiutazama, ukingoja. Mimi nilikuwa nalia bila sauti, kwa sababu nilijua kila hatua ni ndoo yangu ya mpunga.

Saa kumi kasoro kidogo, mbele ya duka la chumvi, Dushesi akasimama. Kalonda akainua mkono, watu wote wakasimama. Akainua mkia.

Watoto wangu, nimepigiwa makofi Lubumbashi, Likasi, Kolwezi, na hapa nyumbani. Sijawahi kusikia kelele kama zile zilizopigwa Kabambare kwa mavi. Wanaume walikumbatiana. Mtu alipiga kengele ya kanisa bila ruhusa. Kalonda alichuchumaa, akasoma ile barua yake barabarani, akainua uso uliolowa. "Muviringo!" alipiga kelele. "Na inang'aa!"

Kwa siku mbili hakula kitu ila majani, na mimi nililala karibu na pua yake nikikataa kila beseni. Mtu akisema, "Mpe kidogo tu," nilijibu, "Aksanti, hapana," na nikajifunza kwamba neno hilo halimpunguzii mtu sifa. Watu wa Salamabila hawakuondoka. Siku ya tatu Kalonda alimtembeza, akamkimbiza kidogo, akatikisa kichwa kwamba ndiyo. Nikapanda. Nilisimama mizunguko mitatu tu, ya polepole, bila ngoma, na Kabambare nzima ilihesabu nami kwa sauti, pa-ta-pa, maana kwa siku zile walikuwa wameshanisikia nikimhesabia.

Nilipotelemka, Bibi Feza alikuwa amesimama ndani ya duara la majivu, mahali ambapo hakuna mtu anayeruhusiwa.

"Sasa mimi," alisema.

Watoto wake wakapiga kelele. "Mama, apana! Na umri huo!"

Nikamtazama Kalonda. Kalonda akamtazama Bibi Feza kutoka chini hadi juu. "Mama, unaogopa?"

"Sana," alisema yeye.

"Vizuri. Mwavita, mushike mguu."

Tulimpandisha. Nilimwonyesha mshipi wa kushika, hakuushika. Aliweka fimbo yake mapajani, akanyoosha mgongo, akatazama mbele juu ya masikio ya farasi bila kuambiwa na mtu, nami nikamwongoza Dushesi hatua kwa hatua kuzunguka duara lote. Hakutabasamu. Alipita mbele ya watoto wake, mbele ya wajukuu, mbele ya wachimbaji wa Salamabila, mbele ya wazee ambao asubuhi ile, watu walipojipanga, walisema wanawake wakae nyuma, na kila alipopita watu walisimama.

Alipotelemka alifunga tena kitambaa chake cha kichwa, bila haraka. Kisha akawageukia wanawake wa Kabambare waliokuwa wamejipanga kwenye ukingo wa majivu, mikono mdomoni, akawanyooshea fimbo.

"Nani mwingine?" alisema.

Walikuja wote.